Koti Jeusi la Matúš Hudák

Msimu ule ambao timu ya Chuo cha Brandreth haikushindwa hata mara moja katika mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia nao mkononi na kugongana, hakuna mchezaji aliyeruhusiwa kukata nywele. Ulikuwa mwaka wa 1907. Kofia za ngozi zilihesabiwa kuwa vazi la waoga, na kocha wao, Bwana Crill, alishikilia kwamba nywele zilizoachwa tangu Agosti zinamtosha mwanamume kulinda fuvu lake. Ilipofika Novemba vijana wale walitisha kuwatazama, lakini mji mzima uliwapenda hivyohivyo na manyoya yao. Akina mama waliwapelekea vitumbua vya tufaha wasivyoruhusiwa kula, na mchungaji alifupisha mahubiri ya Jumapili ili watu wapate nafasi ya kubishana juu ya mchezo wa jana.

Mwenye nywele ndefu kuliko wote, nyeupe kama kitani, aliitwa Lyman Poole. Ndivyo magazeti yalivyoandika na ndivyo majukwaa yalivyoimba. Lyman Poole mwenyewe hakuwahi kuugusa mpira wa Brandreth. Alikuwa kijana wa Ohio aliyejiandikisha chuoni, akaugua mapafu kabla hajafungua sanduku lake, akapelekwa Colorado kufuata hewa kavu. Jina likabaki chuoni halina mtu. Aliyevalishwa jina hilo alikuwa Ondrej Hudák, mpakia makaa ya mawe wa Dunmoor, mtoto wa Matúš Hudák, mpakia makaa ya mawe wa Dunmoor.

Tusijifanye watakatifu. Vyuo vingi viliwachezesha watu wasio wanafunzi, na vyote viliapa kwamba havifanyi. Mahasimu wa Brandreth, yaani Mount Orrin, walikuwa na mhunzi mwenye upara na watoto watatu ambaye ilisemekana anasomea uchungaji. Kila chuo kiliwinda majina ya bandia ya mwenzake, na likifumaniwa moja, michezo yote aliyocheza mtu huyo inafutwa kana kwamba haikuchezwa. Ndiyo maana siri ya Ondrej haikuwa yake peke yake. Ilikuwa ya timu nzima, na wote walikuwa wameipakata kama yai.

Crill alimwona kule Dunmoor, mji wa migodi, kwenye sikukuu ya Mama Maria ya Agosti, Waslovaki wa shimo la juu walipokuwa wakivutana kamba na Wapolandi wa shimo la chini. Ondrej alikuwa wa mwisho kwenye kamba, visigino kavizamisha udongoni, na Wapolandi walivuta hadi wakamtukana mama yake na bado hakusogea. Mchezo ulipokwisha, mtu mwenye kofia safi ya majani akamjia.

"Kijana, unajua kusoma?"

"Kidogo, bwana."

"Unataka kujua zaidi ya kidogo?"

Ondrej alitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Baba yake mdogo alikuwa amefunikwa na paa la mgodi mahali ambapo mtu yeyote mwenye vipimo angesema pasichimbwe. Tangu siku hiyo kijana alitaka kuwa yule mtu anayeshuka shimoni na vyombo vyake, anayesema hapa pachimbwe, na hapa pasiguswe. Crill akampa ahadi: cheza msimu huu kwa jina tutakalokupa, na Januari utaingia darasani kwa jina lako mwenyewe.

Nyumbani alidanganya. Alisema amepata kazi ya kuchochea tanuri za chuo. Matúš, baba yake, alifurahi mpaka akawa kero pale bombani watu wanapochota maji.

"Mwanangu ndiye anayewapashia joto maprofesa!"

"Tumesikia, Matúš," jirani alimjibu. "Bila Hudák wangeganda wote kama samaki wa barafuni."

"Ndiyo! Wangeganda!" alisema Matúš, ambaye kejeli hazikumpenya ngozi.

Kwa hiyo Ondrej akawa Poole. Alilala nyumba moja na wachezaji, akala nao meza moja, nyama ya ng'ombe asubuhi na jioni, kitu ambacho kwao kilionekana Pasaka na kwenye harusi. Tatizo lilikuwa mdomo. Akisema maneno matatu tu, Dunmoor yote ilitoka kinywani. Crill alipata dawa.

"Ukisemeshwa na mgeni, kohoa. Kila mtu anajua Poole ana mapafu mabovu."

Basi akakohoa. Aliwakoholea mabinti, aliwakoholea wazee wa kanisa, aliwakoholea waandishi wa habari. Mwandishi mmoja akatoa machozi gazetini juu ya shujaa mgonjwa anayeitoa pumzi yake ya mwisho kwa ajili ya chuo. Shujaa mgonjwa mwenyewe alikuwa na shingo kama gogo, na kazi yake uwanjani ilikuwa moja: kupewa mpira, kuinamisha kichwa, na kupita katikati ya watu mpaka watakapomwangusha. Mara nyingi ilichukua watu wanne.

Nahodha, Hobart Sayre, mtoto wa jaji, ndiye aliyemfundisha mengine. Alimfundisha kufunga tai, kukunja kitambaa cha mezani, na kusema maneno machache kwa ulimi wa watu wa Brandreth. Walikaa chumbani wakirudiarudia. "Vema sana." "Sijambo, asante." "Simfahamu." Sayre alikuwa na moyo mzuri, tusimwonee, alimpenda kweli yule aliyemwita Poole, na Jumapili alimpeleka kwao kula. Siku moja mama yake Sayre alimwekea mkono begani akasema, "Lyman, mwanangu, uko kwenu hapa." Ondrej alishuka ngazi za nyumba ile akiwa mrefu kuliko alivyozipanda.

Hapo ndipo palipoanza kuoza, na mwenyewe alipajua. Mtu akikuazima jina, mwanzo linakubana kama kiatu kipya. Baadaye unalisahau mguuni. Mwezi wa Oktoba timu ilisafiri kwa treni, na reli ilipita Dunmoor, nyuma kabisa ya nyumba za kampuni, mahali nguo zinapoanikwa na kurudi ndani zina vumbi jeusi.

"Oneni mabanda yale," alisema mmoja. "Na watu wanaishi mle!"

"Si watu, ni wachimbaji," mwingine akajibu, na behewa likacheka.

Ondrej alikuwa amemwona dada yake Katka akiwa na kikapu cha nguo. Aligeuza uso akatazama dirisha la upande wa pili, ambako hakukuwa na kitu ila kilima.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, na siku hizo Ondrej angekujibu kwamba utumwa wenye nyama ya ng'ombe mara mbili kwa siku hauna ubaya mkubwa.

Michezo ikapita, yote wameshinda. Ukabaki mmoja, dhidi ya Mount Orrin, siku ya Shukrani, Alhamisi ya mwisho wa Novemba. Wiki ile, meneja wa Mount Orrin, mtu mwenye masharubu membamba aitwaye Vickery, alifika Dunmoor na picha iliyokatwa gazetini. Mtu wa Dunmoor anayefanya kazi reli alikuwa amemnong'oneza. Vickery alibisha mlango wa Hudák akamwonyesha Matúš picha.

"Mzee, unamjua huyu?"

Matúš aliipeleka picha dirishani. "Ondro wangu! Lakini nani kamwacha na nywele hivi? Zuzana, hebu njoo, mwanao kawa kondoo!"

Zuzana, mama yake Ondrej, ndiye aliyekuwa akimkata nywele tangu utotoni, kwa bakuli na mkasi. Alizitazama zile nywele akatikisa kichwa.

"Mwanao ni mtu mkubwa sasa," alisema Vickery. "Watu wote wanamshangilia. Alhamisi njoo umwone, mzee wangu. Nauli ni juu yangu."

Hakuna aliyewahi kumlipia Matúš Hudák nauli tangu azaliwe. Hakujiuliza kwa nini. Alidhani huko ndiko heshima inakotokea: mtoto akiwa mtu mkubwa, mabwana huja kumchukua baba yake kwa treni. Na kama mwanawe aliacha tanuri akacheza mpira, basi tanuri za siku hizi lazima zinajichochea zenyewe. Zuzana alioka mkate wa kukunja uliojazwa asali na mbegu nyeusi za popi, akaufunga kwa kitambaa cheupe. Matúš alivaa koti lake jeusi.

Lazima nilielezee koti hilo. Alilishona fundi wa kijijini kwao, ng'ambo ya bahari, kwa ajili ya harusi yake. Lilikuwa refu hadi magotini, na vifungo vya pembe, kola imeinuka, na nyuma lilikuwa na mkunjo ambao watu wa mahali hapa hawajapata kuuvaa wala kuuona. Kule kwao lilikuwa koti la mtu mwenye heshima. Dunmoor lilikuwa koti la kanisani. Lilikuwa bado halijaonekana Brandreth.

Siku ya mchezo baridi ilikuwa kali na majukwaa ya mbao yalijaa hadi watu wakapanda miti. Timu zilikuwa zimeshajipanga. Ondrej alikuwa katikati, Sayre kando yake, aliposikia sauti anayoijua kuliko sauti yake mwenyewe.

"Ondro! Ondro wangu!"

Alitazama. Baba yake alikuwa ameruka kamba ya mpaka wa uwanja, kofia mkononi, anakuja kwa miguu yake ya mgodini, ile ya mtu aliyezoea dari fupi. Koti jeusi lilikuwa likimpigapiga magoti. Usoni zilionekana zile alama za buluu ambazo makaa huacha yakikukata na jeraha likafunga na vumbi ndani. Kwapani kabana kifurushi cheupe. Alikuwa akicheka, na meno yake mawili ya mbele yalikuwa yameshaondoka siku nyingi. Nyuma yake alikuja Vickery pamoja na mwamuzi.

Kicheko kikaanza juu ya majukwaa na kushuka.

"Mwamuzi," alisema Vickery, "muulize mzee huyu mchezaji wao wa katikati ni nani."

"Mzee, unamjua kijana huyu?"

"Namjua sana, bwana! Mwanangu. Ondrej."

Mwamuzi aligeuka. "Poole, unamjua mzee huyu?"

Sayre alikuwa amesimama karibu hivi kwamba Ondrej alisikia pumzi yake. Crill, pembeni, alikuwa mweupe kama chaki. Msimu mzima ulikuwa juu ya ulimi mmoja, na Januari pia, na darasa, na vyombo vya kupimia. Hayo yote ni kweli, na baadaye watu wangeweza kumtetea kwa hayo. Lakini Ondrej, katika dakika ile, hakufikiria Januari. Alikuwa anatazama koti. Alikuwa amesikia kicheko, akajua kinachochekwa, na akatamani ardhi imfunike, si yeye, bali yule mzee pamoja na koti lake na kifurushi chake.

"Simfahamu," alisema.

Alilisema vizuri, kama Sayre alivyomfundisha, bila chembe ya Dunmoor.

"Hata kidogo?"

"Sijawahi kumwona."

Matúš hakujua lugha ya nchi hii vya kutosha, lakini neno hilo alilijua. Kila mchimbaji analijua. Ndilo analoambiwa ofisini akienda kudai fidia. Kicheko chake kilibaki usoni kidogo kwa sababu hakikuwa kimepata habari. Kisha kikaondoka. Alimtazama mwanawe, akamtazama Vickery na masharubu yake, akazitazama zile nyuso kumi za vijana waliokuwa wameacha kupumua. Kejeli hazikumpenya ngozi, lakini hakuwa mjinga. Aliona mtego, na akaona kilichomo ndani yake.

"Mzee," mwamuzi alirudia, "ni mwanao au siye?"

Matúš alisogea karibu, akamkazia macho Ondrej kwa muda mrefu kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Hapana," akasema. "Samahani, bwana. Macho ya mgodini haya. Mwanangu ana nywele fupi."

"Ulisema kwenye treni!" Vickery alipiga kelele. "Ulisema ni yeye! Si ulisema?"

"Nilisema. Mzee mjinga, bwana. Picha ilikuwa ndogo."

Majukwaa yalilipuka. "Mpeni mzee miwani!" "Babu, shimo liko upande ule!" "Muulizeni koti kalitoa wapi, kaburini?" Sayre, kwa kupumua tu baada ya hofu, alicheka hadi akashika magoti. Wachezaji wote wakacheka. Ondrej alicheka pia. Hakuna aliyemlazimisha. Kinywa kilifunguka na kicheko kikatoka, na baba yake, aliyekuwa ameshageuka kuondoka, alikisikia, kwa maana hatua zake zilisita kidogo kabla ya kuendelea. Aliiweka ile kofia kichwani, akavuka kamba kwa uangalifu asilichane koti, na akapita kati ya watu waliomfungulia njia kwa dhihaka, wakimwinamia kana kwamba ni askofu.

Kifurushi alikisahau kwenye nyasi, au labda alikiacha.

Wakati wa mapumziko, ndani ya kibanda cha wachezaji, mtu alikuwa amekiokota. Sayre alifungua kitambaa.

"Jamani, babu katuachia zawadi! Mmewahi kuona keki nyeusi?"

"Ina sumu, bwana. Mount Orrin hao."

"Sumu gani, tamu hii! Mbona tamu hivi? Poole, njoo ule. Tena wewe kipande kikubwa, umetuokoa."

Ondrej alipokea. Crill alikuwa akimtazama, na wenzake walikuwa wakimtazama, midomo yao myeusi kwa mbegu. Aliutafuna mkate wa mama yake kwa uso wa mtu anayeonja kitu kigeni, akaitikia kwa kichwa, akasema lile jingine alilofundishwa: "Vema sana." Ulikuwa wa moto bado katikati, au alidhani hivyo. Aliumeza, na nakuambia hakuna mpira wala mgongano msimu ule wote uliomuumiza kama tonge lile.

Walishinda. Ondrej ndiye aliyevuka mstari na mpira, na Mount Orrin watano mgongoni. Walimbeba mabegani wakimzungusha mjini, wakiimba Poole, Poole, Poole, na walipopita kituo cha reli aliliona benchi ambalo mtu anayesubiri treni ya Dunmoor angelikalia. Lilikuwa tupu. Angeweza kushuka mabegani. Hakushuka.

Katikati ya Desemba alikwenda kwa Crill kuulizia Januari. Ahadi ni deni, na Crill, kwa haki yake, hakuikana.

"Nafasi yako ipo. Kesho kutwa ukajiandikishe. Utaandika Lyman Poole."

"Ulisema jina langu, bwana."

"Nilisema kabla uwanja mzima haujakusikia ukimkana yule mzee. Ukiandika Hudák leo, Vickery atakuja kesho, na msimu wote unafutwa. Vijana wenzako wamemwaga damu. Utawafanyia hivyo?" Akalainika. "Jina ni kitu gani, kijana? Limeshakuzoea. Soma, uwe mpima migodi. Poole mpima migodi. Halina kasoro."

Ondrej aliomba siku za kufikiri. Akachukua treni ya mkesha wa Krismasi kwenda Dunmoor, nywele zimekatwa na kinyozi wa mjini kwa mtindo wa akina Sayre, tai shingoni.

Alifika nyota ya kwanza inatoka, saa ile ambayo nyumba za Waslovaki hukaa mezani. Alibisha. Hakuwahi kubisha mlango ule maishani mwake. Baba yake alifungua, akasimama, akamtazama kuanzia viatu.

"Karibu, bwana," akasema kwa lugha ya kwao. "Usiku wa leo mgeni harudishwi."

"Baba, ni Ondro!" Katka aliita kutoka mezani.

"Katka, nyamaza. Mgeni ametoka mbali."

Kila mwaka usiku ule huwekwa sahani moja zaidi mezani, kwa ajili ya msafiri ambaye huenda akapita. Tangu Ondrej azaliwe hakuna msafiri aliyewahi kuikalia. Matúš alimvutia kiti mbele ya sahani hiyo. Sahani ya Ondrej mwenyewe, ile iliyopasuka ukingo, ilikuwa mahali pake, imejaa supu ya uyoga na kabichi. Mama alikuwa ameijaza licha ya yote. Alikuwa ameziba mdomo kwa aproni.

Matúš alisoma sala. Kisha akachukua kikombe cha asali, akachovya kidole, na kumchora kila mmoja msalaba kwenye paji la uso, ili mwaka ujao wapendane kama nyuki wanavyopenda asali. Akamchora Zuzana, akamchora Katka. Alipofika kwa Ondrej alisimama na kidole kinachodondosha asali.

Sasa, Zuzana alikuja kusema baada ya miaka kwamba ule ulikuwa utani. Tangu siku ya Shukrani mzee alikuwa ameshamsamehe. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe, kijana alikuwa mtegoni, nami nikamtegua, umeona nilivyo mjanja? Alikuwa ameupanga mchezo ule wa sahani wiki nzima, anacheka peke yake. Alichokuwa anangoja ni kijana aseme "Baba, acha basi," ampake asali, acheke, yaishe.

Ila Ondrej hakujua. Aliona kidole kimesimama, na yaliyomjaa yakafurika.

"Nakujua," alisema. "Wewe ni Matúš Hudák, ni baba yangu. Nilikujua kabla hujavuka kamba."

"Najua ulinijua," alisema Matúš, na masharubu yakaanza kumcheza kwa kicheko. "Ulikuwa huna njia. Wale wangewafutia ushindi..."

"Si ushindi, Baba."

"Basi shule. Najua. Yule bwana alikuahidi..."

"Si shule. Ni koti."

"Koti?"

"Walikuwa wanalicheka koti. Nilionea aibu koti. Sikuwaza shule wala nini. Nilionea aibu koti lako na meno yako na mkate wa Mama, na ulipokuwa unaondoka nami nilicheka."

Ukweli ni dawa, husemwa, na waliosema hawakuona meza ile. Matúš aligeuka polepole akalitazama koti lake, lililoning'inia msumarini karibu na jiko, limepigwa brashi kwa ajili ya misa ya usiku. Alilitazama kama analiona kwa macho ya watu wengine, mara ya kwanza.

"Nilioa nalo," akasema.

Asali ilidondoka mezani. Kisha akamchora mwanawe msalaba kwenye paji, macho yake yakiwa bado kwenye koti, na msalaba ukatoka mbaya.

"Kula, mwanangu. Supu inapoa."

Usiku ule Matúš Hudák alikwenda misa na koti lake la kazini, la turubai, kwenye theluji. Zuzana alimkimbilia na lile jeusi mkononi, akalikataa. Alisema linambana kwapa.

Ondrej hakurudi chuoni. Januari alishuka mgodini na baba yake, akapakia makaa miaka thelathini na mitano, na hakuna mtu aliyewahi kumsikia akiutaja mpira. Picha ya timu ile bado iko ukutani chuoni, na chini yake kumeandikwa Lyman Poole. Poole wa kweli alipona huko Colorado, nasikia, akawa muuza mbegu. Matúš hakumlaumu mwanawe hata kwa neno moja. Walikula pamoja, walivua pamoja kwenye kijito, walitaniana. Lakini ubatizo wa wajukuu, harusi ya Katka, Pasaka zote, alikuja na turubai lake. Ukimuuliza, koti linambana kwapa, na mwili wake wakati huo ulikuwa umeshapungua hadi koti lile lingemzunguka mara mbili.

Vumbi la mgodi lilimla Matúš mapafu. Alipokufa, Ondrej alikwenda msumarini akalitwaa koti, akamwambia mama yake, "Tumvike hili."

"Hapana," alisema Zuzana. "Aliniusia. Alisema asizikwe nalo, watakuwepo watu wengi, litamwaibisha mtoto."

Wakamzika na shati.

Jumapili iliyofuata Ondrej alilivaa yeye. Alikuwa mpana kuliko baba yake. Mishono ya mabegani iliachia siku hiyohiyo, na mikono iliishia juu ya vifundo. Alilivaa kila Jumapili mpaka akazeeka, na kila siku ya Shukrani alipanda nalo treni hadi Brandreth, akapita katikati ya barabara kuu watu wanapotoka kanisani, akarudi. Vijana wa chuo walimfuata nyuma wakimuiga miguu yake ya mgodini. "Babu, hilo koti umelitoa wapi?"

Aligeuka, akavua kofia, akawajibu kila mwaka jibu lile lile, kwa sauti ya Dunmoor.

"La baba yangu. Mnamfahamu? Matúš Hudák."

Nao walikuwa hawamfahamu.